Mshenga Kutoka Kibanda Umiza

Watu wanaosema kwamba filamu iliyotafsiriwa imeharibiwa hawana masikio, na nikipewa Bukoba niitawale kwa siku moja nitaanza na hao. Filamu ya Kikorea isiyotafsiriwa ni nini? Ni watu wanaogombana mgahawani. Ipeleke hiyo hiyo kwa Mushumbusi, mtafsiri wa filamu wa kibanda umiza, banda letu la video, ashike kipaza sauti chake na kuwapunguza Wakorea sauti, na mara yule wa kushoto ni shemeji wa yule wa kulia, kuna shamba la urithi limeuzwa kwa siri, na supu ina sumu. Niliwahi kuiangalia moja bila sauti yake, nikagundua kwamba supu ilikuwa supu tu. Niliizima.

Nayasema haya nikiwa na akili timamu. Mushumbusi hajui Kikorea, wala Kichina, wala Kihindi, na Kiingereza chake kinamtosha kuulizia bei. Mzee Jayantilal, ambaye kwenye baraza la duka lake nimeweka meza yangu ya kutengenezea simu, ananiambia kila siku kwamba katika zile za Kihindi jamaa hapatii hata neno moja. Namjibu kwamba ndiyo maana zinapendeza. Yeye anayeelewa kila neno husinzia kabla ya wimbo wa pili.

Kwenye gemu pia nina msimamo wangu. Vijana wa Kagondo wanaoshinda chumba cha pleisteshen wanacheza mpira kwa vidole, wanavua mashati wakifunga, na ukiwaambia wakimbie hadi sokoni wanaomba bodaboda. Mimi gemu langu ni la shamba, lipo kwenye simu. Ninapanda mahindi, nakamua ng'ombe, nauza maziwa, na hakuna kinachooza nisipokuwepo. Ni gemu la mtu mzima. Siku moja mama yangu, Benadetha, alinikuta nikipalilia humo. Akaniuliza yale magugu ya kibanja cha migomba alichoniachia marehemu baba kule Nyanga, nitayapalilia kwa kidole kipi. Nikamaliza mstari wangu wa mahindi. Ndizi za kule zilikuwa zimeshaanza kujitunza zenyewe, na kwa maoni yangu hazikuwa zikifanya vibaya sana.

Sasa, mtu wa aina hii akipenda, anapenda vipi? Vibaya. Nilimpenda Violeth, mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba, siku aliyoniletea simu yenye kioo kilichopasuka na akakaa kunisubiri bila kuniuliza kama nimemaliza. Tukapendana kwa simu hiyo hiyo niliyoitengeneza, jambo ambalo fundi yeyote ataona ni tangazo zuri. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Byabato ni mkulima wa kahawa na mzee wa usharika wa Kilutheri, na alikuwa amekwisha kumrudisha mchumba mmoja, mwenye duka la dawa, pamoja na kreti zake za soda ambazo hazijafunguliwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba kijana yule hakujua anachokitaka.

Violeth aliniambia wazi: baba akikataa, basi. Nikamwambia kwenye filamu binti hutoroka. Akanijibu kwamba kwenye filamu binti hana mama. Nilicheka, halafu nikakata simu na kukaa kitandani, na hapo ndipo nilipojua kwamba ninaogopa.

Kwetu Buhaya muoaji haongei. Anakaa, anainamisha kichwa kama aliyefiwa, na mshenga ndiye anayeomba, anayejibu maswali, na anayelipa faini wenyeji wakimkamata na kosa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mdomo wa mshenga. Ukoo ulikuwa umemwandaa baba yangu mdogo, mtu mwema sana, anayeongea kama mtu anayetafuta miwani yake. Mimi nikasema hapana. Kama kuna mdomo mmoja Kagera nzima unaoweza kumshinda mzee Byabato, ninaujua.

"Mshenga hutafutwa mtu anayezijua koo, Isaac," mama akasema. "Wewe unaniletea mtu wa kibanda umiza? Mtu anayekaa kwenye mabati na mabenchi, anawapigia watu kelele za Wachina?"

"Mama, ana mke, ana wajukuu, na hajawahi kukosa neno."

"Hilo ndilo linalonitisha, mwana wange."

Mushumbusi mwenyewe alikubali kabla sijamaliza kuomba. Alikuja Jumamosi asubuhi amevaa kanzu nyeupe na koti, mkongojo mkononi, anapendeza hasa. Tulifika Muleba tumechelewa, kwa sababu njia nzima alikuwa anafanya mazoezi na dereva akawa anapunguza mwendo ili asikie. Faini ya kwanza tukatozwa mlangoni: kreti ya soda. Mushumbusi akaitoa kwenye zile tulizokuja nazo, kwa maneno matamu mpaka wenyeji wakapiga makofi. Nikaona hapa nimepatia.

Tukakaribishwa, tukapewa kahawa ya kutafuna. Mzee Byabato alikuwa kwenye kiti chake, mwembamba, kimya. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi Joanitha, mama mnene wa kwaya aliyefunga kilemba cha zambarau na kutuangalia kama mlinzi wa benki. Violeth na mama yake walikuwa jikoni, nyuma ya pazia, wanasikia kila kitu.

Mushumbusi akaanza vizuri. Alisema tumeona ua kwenye boma hili, tumekuja kuliomba kwa heshima. Wakamshangilia. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ile sauti ikaanza kushuka kifuani, ikaanza kuwa ile ya kibandani.

"Waitu, wazee wangu, kijana huyu mnayemwona," akasema, "msimwone amekaa! Huyu ni mtu aliyepita katika moto! Maadui walimzunguka, akawaangalia hivi!"

Maadui gani? Mimi maadui zangu ni unyevu na chaja za bei rahisi.

"Ana kibanja?" mzee Byabato akauliza.

"Kibanja? Ana shamba, mzee, halina hata jani moja la magugu! Ana ng'ombe wanaokamuliwa kwa kidole kimoja!"

Mama yangu akafumba macho. Mzee Byabato akauliza ni ng'ombe wa aina gani hao. Mushumbusi akasema ni wa kisasa. Na mimi nikiwa nimeinamisha kichwa nilielewa jambo ambalo kila mtu Bukoba alikuwa analijua isipokuwa mimi: mtu huyu hasemi anachojua, anasema kinachopendeza. Kibandani nilikuwa nalipa kiingilio kwa ajili hiyo hiyo.

Mzee akainua mkono. "Mshenga, pumzika, tafuna kahawa. Wazee wenzangu mnisamehe, najua si desturi. Lakini nimeusikia mdomo wa kukodi, sasa nataka kumsikia mwenye shida. Kijana, inua kichwa. Kwa nini unamtaka binti yangu?"

Hakuna aliyeniandaa kwa hilo. Katika filamu zote ninazozijua, nyota hahojiwi na wakwe. Huzungukwa na maadui tu, na maadui hawaulizi maswali ya namna hiyo. Nikasimama. Nilitafuta neno lolote kichwani, na lililokuwa karibu na mlango likatoka.

"Tata," nikasema, yaani baba, na nikasikia sauti yangu ikishuka kifuani, "mwanaume hupenda mara moja tu..."

"...mara ya pili ni kisasi!" akamalizia shangazi Joanitha, kwa kishindo kile kile, kidole hewani.

Shangazi Joanitha akaziba mdomo kwa kanga. Kumbe mama wa kwaya ana flashi nzima ya filamu za Mushumbusi, na hii, ile ya mtu anayerudi kijijini na shoka, ameiangalia mpaka anajua pa kukohoa.

"Kisasi cha nani?" mzee Byabato akauliza.

"Ni filamu, kaka," akasema shangazi, akiangalia sakafu. "Anayasema yule wa shoka. Kabla ya kumuua mkwewe."

Mzee akamgeukia Mushumbusi, na Mushumbusi, Mungu amsamehe, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa msanii aliyetambuliwa ugenini. "Maneno hayo ni yangu, mzee," akasema. "Namshukuru mama kwa kuyakumbuka."

Mtu akacheka nyuma, kisha wote wakacheka, isipokuwa watatu: mzee, mama yangu, na mimi. Nyuma ya pazia sikusikia kicheko pia. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuiona kwenye filamu yoyote, kwa sababu aibu ya kweli haina muziki.

"Basi hata wewe ulipofungua mdomo," mzee Byabato akasema polepole, "aliyesema ni mshenga. Mwenye shida bado hajasema. Hana la kusema, twende tukale, tuagane vizuri."

Alikuwa ameshika mkono wa kiti ili ainuke. Nikaona kreti zetu pale ukutani, hazijafunguliwa.

"Tata, naomba nikae," nikasema. Sikungoja ruhusa. Nilikaa. "Mimi nikirudi nyumbani jioni, nawasha televisheni kabla ya taa. Watu wanadhani napenda sana filamu. Nazipenda. Lakini na... naogopa..." Hapo nikakwama. Nikajaribu tena, nikakwama pale pale, na nikasikia mwiko umeacha kugonga chungu kule ndani. "Naogopa nyumba ikiwa kimya. Siku ambazo Violeth ananipigia simu, nasahau kuiwasha. Ni hivyo tu. Na shamba ni la kwenye simu. Kibanja ninacho, Nyanga, kina magugu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Byabato akafanya jambo la haki kabisa: akaita shahidi.

"Mushumbusi, na hayo je? Ni ya kwako?"

Mushumbusi alifungua mdomo. Nilimwona akipekua, filamu moja baada ya nyingine. "Hapana, mzee," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Hayo sijawahi kuyasema."

"Joanitha?"

"Hata mimi siyajui hayo, kaka."

Mzee akauachia mkono wa kiti. Akasema faini ya uongo wa ng'ombe ni kreti nyingine mbili, na kwamba kabla ya ndoa atakuja mwenyewe Nyanga kuangalia magugu. Kisha akaagiza soda zifunguliwe. Mama yangu alilia, akasema ni moshi wa jikoni.

Tukafunga ndoa, na sasa tunakaa Kitendaguro. Kibanja nimekipalilia kwa mikono hii, mzee Byabato amesimama nyuma yangu akikosoa. Mambo yote yalikuwa shwari mpaka ilipotoka filamu mpya. Niliisikia kwa mara ya kwanza kibandani: jambazi wa Kikorea, mwenye kovu, amekaa na mzee mmoja mezani, wanakunywa nadhani chai. Jambazi akafungua mdomo, na Mushumbusi akasema kwa ile sauti ya kifuani kwamba yeye akirudi nyumbani huwasha televisheni kabla ya taa.

Watu walipiga mabenchi. Mwanaume mzima jirani yangu alifuta machozi, akasema huyu Mushumbusi anatoa wapi haya.

Nilimfuata nyumbani kwake kwa hasira. Nikamwambia yale ni maneno yangu, niliyasema mara moja, kwa mtu mmoja, na siyo ya kuuza.

"Isaac, mwana wange," akasema, wala hakuona haya, "umetembea na maneno yangu mdomoni miaka yote hii. Umewahi kuniomba ruhusa?"

Swali hilo liliniudhi kuliko wizi wenyewe.

Nilinuia Violeth asiione. Lakini Jumapili shangazi Joanitha alikuja na flashi yake, akaichomeka mwenyewe, akakaa katikati yetu. Sehemu ile ilipokaribia nikasema naenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi. Violeth akanishika shati, nikakaa.

Jambazi akasema yote, hakukosea hata neno. Shangazi akanitupia jicho na kuguna. Violeth alikuwa anatazama kwa makini, kama anasahihisha madaftari, na mimi nilikuwa nangoja aseme kwamba mwenzangu amesema vizuri zaidi, maana ndiyo ukweli.

"Huyu hakukwama pale kwenye 'naogopa'," Violeth akasema. "Mama aliacha kupika kwa sababu ya pale."

Hakuniachia shati. Jambazi alipigwa risasi ya mgongo kabla hata chai haijapoa, na sijawahi kufurahia kifo cha mtu kama kile.