Haya ya Kahawa

Jumanne asubuhi Arlys Tollefson alitoka kuondoa theluji kwenye ngazi za barazani, akakuta ziko tatu. Siku zote zilikuwa nne. Alizihesabu tena, akamaliza kazi mapema, akaingia ndani kupika kahawa.

Nyumba hiyo aliijenga mumewe, Orval, kwa mikono yake, huku Minnesota kaskazini. Orval alipougua, hospitali ilikula akiba yote, kisha ikaanza kula mkopo wa benki uliowekewa nyumba kuwa dhamana. Alipokufa, Arlys alibaki na nyumba na deni. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba naye afie humo.

Ndipo akaja Curtis, mtoto wa Lois wa kwaya, kutoka shirika la Taa ya Jirani. Alikuwa mpole, na viatu alivivua mlangoni. Alisema Arlys asiwalipe tena benki. Pesa atume kwao, wao watasema na benki. Shirika halitafuti faida.

"Kuna mchango wa hiari tu, Bi Arlys. Utapenda kutoa?"

"Aa, hapana, asante."

"Hata kidogo?"

"Usijisumbue, mwanangu."

"Kidogo sana?"

"Haya, kama si usumbufu."

Mji ule ndivyo ulivyo. Ukikaribishwa kahawa unakataa mara mbili, ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza huonekana mlafi, na mwenyeji asiyeuliza mara tatu huonekana mchoyo. Curtis alizaliwa palepale. Akawa anapiga simu kila mwezi na kuuliza mara tatu, na kila mwezi nyumba ikashuka ngazi moja.

Mwezi wa Februari jirani yake, Verna Haugen, alileta bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Aliingia moja kwa moja bila kupanda kitu.

"Naona ngazi umeziacha, mwenzangu."

"Magoti yamefurahi."

"Kwangu zimekwenda mbili tangu Krismasi."

"Taa ya Jirani?"

"Wale wale. Na mchungaji je, hujamwona? Anaingilia dirishani, na lile tumbo lake!"

Walicheka mpaka Verna akafuta macho. Kisha wakala, maana viazi vilikuwa vinapoa.

Verna alipoondoka, Arlys aliwapigia benki mwenyewe, jambo ambalo Curtis alimwambia halina haja. Binti wa benki alitafuta, akasema tangu Oktoba hawajapokea hata senti. Faini zimeongezeka. Barua ya kuitwaa nyumba iko njiani.

Arlys akampigia Curtis.

"Pesa zangu ziko wapi, mwanangu?"

"Zilikuwa mchango, Bi Arlys. Kila mwezi nilikuuliza, ukasema haya."

"Nilisema haya ya kahawa."

"Kwenye fomu zetu haya ni moja tu." Kisha akauliza kwa upole ule ule, "Na mwezi huu, utapenda kutoa?"

Arlys alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili. Ya tatu alikuwa hajawahi kuitamka tangu azaliwe. Akaitamka. Akakata simu, akakaa chini.

Nyumba ikasimama hapo hapo, madirisha yakiwa sawa na theluji nene ambayo watu hupita juu yake. Haikupanda tena. Sasa Arlys huwalipa benki mwenyewe, kidogo kidogo, na benki imempa mpaka theluji iyeyuke. Baada ya hapo hawakuahidi kitu. Dirishani haoni tena watu, anaona miguu tu, na miguu ya mji mzima ameshaijua.

Alhamisi moja aliona viatu vya Curtis vikivuka barabara kwenda kwa Myrtle, mjane wa juzi, mwenye ngazi tano. Akakimbilia simu.

"Myrtle, kabla hujatia saini muulize wanakata kiasi gani kila mwezi, na akuandikie. Kisha wapigie benki mwenyewe. Na akikuuliza mara ya tatu, kataa!"

"Nimkatae mara tatu?" Myrtle alinong'ona. "Arlys, huyu si mtoto wa Lois? Ameshavua viatu."

Kesho yake Myrtle alitoka na koleo lake. Arlys, kutoka dirishani, aliona buti zikishuka: moja, mbili, tatu, nne. Hapo zikakanyaga chini, zikasimama kidogo, zikaanza kazi.