Mukono wa Kaswera

Bajukuu bangu, nibaulize kwanza. Kuko nyumba moja, iko na milango mbili. Kila mugeni anaambiwa: "Pita penye unapenda." Lakini tangu ile nyumba ijengwe, bote banapitaka mulango moja tu, na ule mwingine hakuna mutu ameuona ukifunguka. Ni nyumba gani?

Hamujui? Ni ulizo ya mukubwa. Mukubwa anakuuliza kama unapenda, na wewe mudogo unajua jibu ni moja tu. Mimi niliishia mwaka wa ine wa primaire, shule ya musingi, ile neno sikuisoma mu kitabu. Ni binti yangu Kaswera alinifundisha, na yeye mwenyewe hayuko tena.

Ilikuwa mwaka wa 2001, vita imetuzunguka pande zote. Tulikuwa tunakaa hapa Beni, mu mutaa wa Beu, mimi na babu yenu Jacob. Kaswera alikuwa anasoma infirmière, kazi ya kutunza bagonjwa, kule Butembo, analala kwa shangazi yake Victoire, dada mudogo wa Jacob. Victoire ndiye alimulipia masomo, tena alimushonea na blouse nyeupe. Alikuwa encadreuse mu ile shule: kazi yake ni kushauri banafunzi na kupanga nani anaenda stage wapi, kujizoeza kazi mu hospitali. Zamani aliandika majina ku karatasi, anatia signature yake, anabandika ku mulango. Mutoto akitupwa mbali, wazazi banajua ni nani wa kumupelekea kilio chabo.

Kisha bakaita baencadreur ba shule za baganga mu salle ya parokia, siku tatu, babafundishe uongozi. Victoire alikuja kutuonyesha attestation yake, karatasi ya kumaliza mafunzo, amefurahi sana, Kaswera nyuma yake anabeba mufuko.

"Semeki, kumbe tulikuwa tunaongoza batoto sawa basoldat!" akaniambia mimi muke wa kaka yake. "Kiongozi muzuri hapana kuamuru. Anauliza, ananyamaza, anangoja mutu ajitolee mwenyewe."

Jacob akamutania: "Donc leo utaniuliza kama napenda kukuchinjia kuku?"

"Yaya, unapenda?" akamuuliza kaka yake mukubwa.

"Hapana!"

"Basi nakuamuru."

Kaswera alicheka mupaka akamwanga chai ku mukeka. Ile siku ndiyo nilimuona mara ya mwisho.

Nyuma ya mwezi moja surua ikaingia mu vijiji vya njia ya Manguredjipa. Batoto balikuwa banakufa, na centre de santé moja kule, kituo kidogo cha afya, ilibaki na muganga moja tu, juu bapiganaji balikuwa banapita pale kila juma. Directeur wa shule akamwambia Victoire: "Nataka mwanafunzi moja wa kumusaidia. Unipe jina mbele ya saa kumi."

Yenye ilifuata, ni Esdras alitueleza, kijana wa darasa moja na Kaswera. Victoire alisimama mbele yabo, akauliza: "Nani anapenda kwenda?" Bote kimya. Na yeye akanyamaza, sawa vile bamemufundisha. Hakukuwa tena karatasi ya signature. Mwenye kupenda atajiandika mwenyewe. Bakakaa vile, kimya, kimya, kisha Kaswera akanyanyua mukono.

Alitumika kule siku kumi na moja. Bapiganaji bakaingia kutafuta dawa. Mwenye kuweza kukimbia akakimbilia mu migomba, lakini mama moja alikuwa katikati ya kuzaa, na Kaswera hakumuacha. Bakabaua bote mbili, bakachoma nyumba. Njia ilikuwa imefungwa; hata mwili hatukupata. Tulikalia kilio bila sanduku.

Jacob hakulia. "Alichagua," akasema. "Mutoto anajichagulia kifo, anaacha mama yake? Hapana kunitajia tena ule mutu." Akatoa photo yake ku ukuta. Tangu pale, nikisema Kaswera, anasimama anatoka inje. Nilikuwa nimezika binti yangu bila mwili, sasa hata jina yake nilipaswa kuilia peke yangu mu jikoni.

Ku kilio Victoire alikuja akapiga magoti ku mukeka wangu. Nikamuuliza polepole: "Victoire, ulimuuliza, ao ulimutuma?" Akafungua mudomo. Bamama bakaanza wimbo, na yeye akafunga mudomo. Nilingoja mwaka muzima.

Mwaka wenye kufuata, bakafanya formation ingine, mafunzo ya uongozi, hapa Beni, na Victoire sasa ndiye mwalimu. Akatuita. Nikamuvuta Jacob ku mukono: "Kuja, ni dada yako." Tukakaa nyuma. Baencadreur balikuwa kama makumi tatu, kila mutu na cahier yake ya kuandika. Victoire akasoma: "Nilikuwa na mwanafunzi moja. Hata sikumuamuru. Niliuliza tu, akajitolea mwenyewe, akaenda kusaidia bagonjwa mupaka kifo. Tukiongoza muzuri, tutapata bengi ba namna ile."

Batu bakapiga makofi. Jacob akanyanyuka kwenda mulangoni.

Na mimi nikasimama, mimi wa primaire katikati ya bile bidiplome.

"Mama, maulizo ni kisha," mutu wa mbele akaniambia.

"Yangu imengoja kupita za bote," nikamujibu. "Victoire, juu ya ile neno yako, baba ya mutoto anakataa jina yake. Ulimuuliza, ao ulimutuma?"

Victoire akatazama karatasi yake, akaigeuza, nyuma hakukuwa kitu. Kisha akatazama Jacob, mwenye mukono yake ilikuwa tayari ku mulango.

"Yaya, ungoje," akasema. "Banafunzi bote balikuwa banatazama chini. Na mimi hapana kutazama darasa. Nilimutazama Kaswera peke yake. Akageuza uso, nikaendelea kumutazama. Nilijua anakula kwangu, anavaa yangu, hataweza kunikatalia mbele ya batu. Nilimutuma."