Kidera, Nchi Iliyoacha Kuota

Kidera ilikuwa nchi yenye adabu zake. Mfalme hakukosolewa, Waziri hakuulizwa, na askari hakudaiwa sababu ya kumkamata mtu. Lakini waasisi wa nchi hiyo, kwa busara au kwa kusahau tu, walikuwa wameacha upenyo mmoja, nao ni ndoto. Kila siku ya gulio watu walikusanyika mbele ya jumba la Mfalme, mpiga mbiu akauliza nani ameota, na aliyeota akasimama akasema. Hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa ndoto, maana hakuna anayejichagulia ya kuota. Basi Wakidera waliota kwelikweli! Mmoja aliota fisi amevaa viatu vya Waziri akila ghalani. Mwingine aliota kiti cha enzi kimeliwa na mchwa, kimebaki rangi tupu. Mfalme alisikiliza akitabasamu kwa meno, akashukuru, watu wakaenda kununua mboga zao.

Kisha Shimo Kuu likaporomoka. Lilikuwa shimo la Mfalme la kuchimba shaba. Wachimbaji walikuwa wamesema nguzo zimeoza, wakaambiwa wamezidi uvivu. Vijana waliofukiwa hawakutolewa, kwa kuwa Mfalme aliona kuwafukua maiti ni kupoteza wakati wa walio hai. Tangu hapo gulio zima lilikuwa na ndoto moja. Mama huyu alimwona mwanawe akigonga mwamba kwa ngumi, na yule alimsikia wa kwake akiomba maji. Mfalme akaacha kutabasamu hata kwa meno.

Miongoni mwa akina mama hao alikuwamo Mishi. Mwanawe mkubwa, Shekue, alibaki shimoni, naye akasaliwa na Aboudi, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamchomoza. Mishi hakulala. Kila alipofumba macho alimwona Shekue, akazinduka kwa ukelele, na mwili ukampukutika hadi dada yake, Kazija, akaingiwa na hofu ya kuzika tena.

Kazija huyu alikuwa Mpimaji wa Usingizi. Sheria ilitaka kila dawa ya kulaza watu ipite kwanza mikononi mwake. Alimlaza mtu mkekani, akaweka unyoya mwororo wa kifaranga juu ya kope zake, akaketi kutazama. Mtu akiota, macho hutembea chini ya kope, na unyoya hutikisika. Kwa Kazija ubongo ulikuwa kama jiko. Mwenye nalo akilala, ndipo linapoyapika yote yaliyoletwa na mchana, matamu kwa machungu, mpaka yalike. Alijua pombe huutuliza unyoya mwanzoni, kisha ikaurusha kama panzi. Alijua majani gani hupunguza moto na yapi huuchochea. Dawa ya kuuzima kabisa hakuwa ameiona.

Waziri ndiye aliyeileta, nyeupe kama tui, ikiitwa Tulizo.

"Mpimaji," alisema, "Mtukufu Mfalme anawahurumia akina mama. Hebu tupimie."

Kazija akamchagua Mishi. Haikuwa kwa ajili ya kazi, wala yeye mwenyewe hakujidanganya hivyo. Alitaka tu mdogo wake alale.

Na Mishi akalala. Alilala mchana kutwa, uso umemlegea, midomo imefumbuka kidogo kama alivyokuwa akilala utotoni. Kazija alibubujikwa na machozi kwa shukrani. Kisha akautazama unyoya. Haukutikisika asubuhi, haukutikisika adhuhuri. Pumzi zilikuwapo na moyo ulipiga, lakini jikoni hapakuwa na moto hata cheche moja. Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Lakini Mishi aliamka akaomba uji, akamaliza bakuli, akauliza kama umebaki. Nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya? Kazija akampa tena Tulizo, na tena.

Siku moja Mishi alikuwa akikunja nguo, akainua kanzu moja mbele ya macho yake.

"Dada, hii ya nani? Aboudi itampwaya."

"Ya Shekue, Mishi."

"Shekue yupi?"

Aliuliza kwa uso mkunjufu, kama mtu anayeulizia jirani mgeni. Kazija aliketi palepale alipokuwa. Dawa yote iliyobaki aliimwaga. Alisubiri. Alimwimbia Mishi nyimbo alizozipenda Shekue, akampikia vyakula vyake. Mishi alisifu mapishi, na hakumkumbuka mwanawe.

Kazija akaenda barazani. Aliamini, maskini, kwamba Mfalme hajui.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "dawa hii inawafuta watu. Mdogo wangu amemsahau mtoto aliyemzaa."

Mfalme aliinama mbele. "Pole sana. Je, analia?"

"Halii, Mtukufu."

"Anapiga kelele?"

"Hapigi."

"Anaota?"

"Haoti hata kidogo. Ndiyo maana nasema..."

"Na ukiacha kumpa, ndoto hurudi?"

"Nimeacha. Hazijarudi."

Mfalme akamgeukia Waziri, na kwa mara ya kwanza tangu shimo liporomoke akatabasamu kwa uso mzima.

"Waziri, mbona hukuniambia kuwa ni nzuri kiasi hiki?"

Kazija alikuwa amekuja na onyo, kumbe ameleta sifa.

"Siithibitishi!" alisema kwa sauti.

"Umeshaithibitisha," Waziri akamjibu kwa upole. "Umesema mbele yetu sote kwamba inafanya kazi."

Diwani mmoja mzee, mwenye kikohozi, akainua kidole. "Mtukufu, bibi huyu amesema ni hatari."

"Amesema hawalii," Mfalme akasema. "Diwani, wewe unataka walie?"

Mzee akakohoa, akashusha kidole chake. Tulizo ikatiwa visimani.

Kazija alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wasinywe. Walimsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha maji. Yeye alikunywa ya mvua, aliyoyakinga kwenye paa, naye akaendelea kuota, huku akitamani mara nyingine asingeota. Jambo la kutisha ni kwamba nchi ilipendeza. Watu walinawiri, wakasalimiana kwa bashasha.

Gulio likafika. Mpiga mbiu akauliza nani ameota, watu wakatazamana. Kazija akasimama.

"Mimi nimeota. Nimemwona Shekue kwenye mlango wa shimo. Mawe yamemfika kifuani. Ananiambia nguzo zimeoza, usimwache mdogo wangu aje."

Mishi, aliyekuwa kando yake, akatoa leso akampangusa machozi, naye mwenyewe macho yakamlowa, maana alikuwa mwema siku zote.

"Pole, dada yangu," alisema. "Sikujua. Alikuwa mwanao?"

Kazija alitazama uso ule aliousafisha kamasi utotoni. Angeweza kukana. Lakini kijana yule alihitaji mama wa kumlilia, na hapakuwa na mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa mwanangu."

Mfalme akamshukuru kwa ndoto yake, kama ilivyo desturi, kisha akatangaza kuwa Shimo Kuu linafunguliwa upya kwa nguzo zilezile, na vijana wenye nguvu wanaalikwa. Walisimama wengi. Aboudi alikuwa wa mbele, akicheka, na mama yake akamfungia mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa.

Kazija akamshika mkono kwa nguvu zote. "Usiende, Aboudi! Baba yangu, usiende."

"Kwani kuna nini huko, mama mkubwa?"

Kabla hajajibu, Mishi alivibandua vidole vya dada yake, kimoja baada ya kingine, bila hasira.

"Dada, msiba wako naujua sasa, na nitakaa nawe tulie pamoja," alisema. "Lakini mwachie mwanangu. Wako ndiye aliyekufa."

Aboudi akachukua mihogo yake, akaagana nao, akashuka na wenzake.