Sabuni Juu ya Dramu za Fransis

Ndege ilipita juu ya bati, na Salma akangoja mngurumo uishe ndipo abishe hodi. Katika studio ile ya Kipawa kila mtu alizoea kungoja. Albamu nzima waliirekodi hivyo, yeye, Shomari wa gitaa na Fransis wa dramu: ndege ikipita katikati ya wimbo, wanaanza upya, huku Fransis akiitukana kwa Kihaya.

Bendi yao haikuwa ya shirika wala ya tajiri. Ilipiga roki, muziki ambao majirani wa Vingunguti waliuita kelele za mabati, tena kwa vyombo vya kukodi. Sasa Shomari alikuwa kuli bandarini Kurasini, na Fransis walikuwa wamemzika wiki iliyopita, baada ya kukonda miezi mingi kwa ugonjwa ambao msibani hakuna aliyethubutu kuutaja. Wimbo mmoja tu ulibaki kutiwa sauti. Salma alimwachia jirani sufuria yake ya supu ya kuuza kule machinjioni, akanawa mikono kwa ndimu, akaja kuumaliza.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba," alisema Kornelio, mwenye studio. "Pole na msiba. Ila yale mambo yenu tumeshayafuta."

Salma alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Revelian, fundi mitambo.

"Mikanda haishikiki bei, sista," Revelian alisema kwa sauti ya chini. "Na hizi redio mpya zinataka matangazo kila siku. Tumeyarekodi juu ya nyimbo zenu."

"Nyimbo zote, kaka Revelian? Zote?"

"Zimebaki dramu za ule wa mwisho. Basi."

Akabonyeza mashine. Mkandani Fransis aligonga vijiti, kisha akaingia kwa ile pupa yake, kama mtu anayewahi chakula. Salma alikaa sakafuni, akalia, wala hakuona haya.

Kornelio alimwacha alie kidogo, kwani alipenda kuamini kwamba yeye si mtu mbaya. Kisha akatoa shauri lake. Kulikuwa na tangazo la sabuni, na dramu zile zililifaa.

"Imba maneno ya sabuni juu yake. Ukitaka lakini."

"Na nisipotaka?"

"Nafuta na hizo. Kinanda kipo, kitapiga dramu."

Soko huria ndilo hilo: kila mtu ana uhuru wa kuchagua, na Salma alipewa mawili ambayo yote yalimchoma. Akavaa hedifoni. Akaimba povu, akaimba mashati meupe ya shule. Dramu zilipochachamaa, pale ambapo mwimbaji yeyote wa bendi humtaja mpigaji wake, alipaza sauti: "Fransis huyooo! Zichape, Fransis!"

Kornelio akasimamisha mkanda. "Sabuni haina Fransis. Rudia."

Akarudia, akamtaja tena.

"We binti, unanichezea? Mwenye sabuni yuko njiani!" Kornelio alimwinamia Revelian, akamnong'oneza kitu. "Haya, imba unavyotaka."

Salma akaimba. Alipokaribia jina, aliona kupitia kioo mkono wa Revelian ukiishusha sauti ya maikrofoni yake hadi mwisho. Revelian hakuinua uso. Masikioni zilibaki dramu peke yake. Salma akavuta pumzi, akalitaja jina hivyo hivyo, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ndani ya chumba kile kilichobandikwa trei za mayai kila upande ili sauti isitoke nje.