Sufuri kwa Louisville

Zenoni ana ugonjwa wa takwimu, na nasema ugonjwa kwa sababu dawa yake sijaiona. Watu wengine hukumbuka nyimbo. Yeye hukumbuka alama. Mwulize jina la wimbo ulioshinda mwaka wa kwanza, atababaika. Mwulize nani alimpa nani kumi, utasikia mpaka uchoke.

Mashindano yenyewe yetu wenyewe. Kwaya saba za Warundi tuliokulia kambini Tanzania: tatu za Marekani, yaani Louisville, Columbus na sisi wa Buffalo, mbili za Kanada, mbili za Norwei. Kila kwaya hutuma video ya wimbo mpya, kila mji huweka waamuzi watatu, na Jumamosi moja ya Mei tunaunganishwa kwa simu, kila mji unatangaza alama zake: kumi na mbili, kumi, nane, na waliobaki hawapati kitu. Ndugu wa Norwei ndio walioleta mtindo huo, waliuona kwenye televisheni za Ulaya. Kujipigia kura ni marufuku.

Mwaka huo, 2016, yalikuwa mashindano ya nne, na wiki moja kabla yake Zenoni alitupia takwimu zake kwenye kundi la WhatsApp. Columbus haijawahi kuipa Buffalo hata alama moja. Kwaya inayoimba ya kwanza haijawahi kushinda. Na mwishoni, kwa vile hajui kunyamaza: alama zote za Louisville, tangu mashindano yaanze, zimetoka miji iliyojaa watu wa kambi ya Mtendeli, walikotoka wanakwaya wa Louisville wenyewe. Wengine hawajawapa hata nane.

Alidhani watu watacheka. Alijibiwa na mtu mmoja tu, wa Norwei, aliyeandika, “Kumbe!”

Jumamosi ilipofika, waamuzi wa Buffalo walikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, hapa mtaa wa West Side: Zenoni, dada Elisabeth, na Polycarpe, Mkongomani tunayesali naye, ambaye tulimweka ili tuonekane watu wa haki. Polycarpe hakupoteza muda.

“Bon, Zenoni, kila mwaka munapeana douze, kumi na mbili muzima, kwa Louisville. Kule si ni mama yako mukubwa anafundishaka kwaya? Donc hii si concours, si mashindano. Ni famille.”

Alisema kwa utani tu, lakini Zenoni aliona uso unamwaka. Kostansia, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea kule Mtendeli, tangu mama yake alipofariki. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma, kusali na kunyamaza kanisani. Sasa aonekane anamlipa kwa kura za kanisa? Akaamua palepale, kabla video haijawashwa, kwamba mwaka huu Louisville hawapati kitu kutoka kwake. Columbus wamejaa watu wa Mtendeli, wao watawapa. Hamilton pia.

Wimbo wa Louisville ulikuwa wa mwisho. Ulipokuwa unaimbwa, Zenoni alikuwa ameinamia simu yake akijibu watu kwenye kundi. Elisabeth alitaka kuwapa kumi. Zenoni alimwambia, kwa sauti nzito ya mtu mwenye haki, “Dada, safari hii tusione undugu.” Elisabeth akaona aibu, akakubali.

Buffalo tulitangaza. Columbus wakafuata: Louisville hawamo. Hamilton: hawamo. Ottawa, hawamo. Norwei walikuwa hawajawahi kuwapa, na hawakuanza siku hiyo. Louisville sufuri, ya kwanza tangu tuanze kushindana. Na kitu cha kwanza kilichomjia Zenoni kichwani, Mungu amsamehe, ni kwamba hiyo ni rekodi. Cha pili kilikuwa uso wa mama yake mkubwa.

Leopoldi, msemaji wa Columbus, alimpigia kabla hajavuka mlango wa kanisa.

“Ile meseji yako ilitutia aibu, ndugu yangu. Tukasema, acha Buffalo wawape.”

“Na sisi tulisema mtawapa ninyi.”



Jumatatu Kostansia akapiga. Zenoni aliitazama simu ikilia, akatamani ikatike, haikukatika.

“Sikupigii kulalamika, mwanangu,” alisema. “Waamuzi mmeshasema. Nataka uniambie tulikosea wapi, turekebishe.”

“Mama mkubwa, mlikuwa wazuri.”

“Usinibembeleze. Miji sita haiwezi kukosea kwa pamoja. Kosa ni sauti ya Florida, mimi mwenyewe niliisikia inatetemeka pale mwanzo. Nimemwambia akae pembeni. Amerudisha sare yake, kanisani hakuja jana.”

Florida ni mjukuu wake, ana miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeongoza wimbo. Zenoni alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

“Mama mkubwa, sikuusikiliza ule wimbo. Niliamua kabla. Na Columbus vivyo hivyo. Niliogopa watu waseme nawapendelea.”



“Kumbe mtoto wa watu nimemvunja moyo bure,” alisema Kostansia. “Mpigie wewe. Mimi nilishamwambia la kwangu, hatanisikia tena.”

Zenoni alikaa kwenye ngazi za nyumba, akawasha ile video kwa mara ya kwanza. Ni kweli, sauti inatetemeka mwanzoni, kama mtu anayebisha hodi asijue kama atafunguliwa. Halafu inapanda. Inapanda mpaka wazee wa kwaya nyuma yake wanasahau kupiga makofi. Basi la abiria lilipita, hakulisikia. Alilia, akairudia, kisha akapiga simu.

“Niko break, mjomba,” Florida alisema. Nyuma yake mashine za ghala zilikuwa zinanguruma. “Unasemaje?”

Akamweleza yote, hakujificha.

“Sasa umeusikiliza?”

“Nimeusikiliza. Rudi ukaimbe, mwanangu. Bibi yako anajuta.”

“Ungenipa ngapi?”

“Kumi na mbili,” alisema Zenoni, na katika maisha yake hakuwahi kuitaja alama kwa uhakika kama huo.

Florida alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

“Unasema hivyo kwa sababu wewe ni mjomba wangu.”