Januari ya Tatu, Petten

Mume wangu Wouter alifariki akiwa na miaka thelathini na minne. Moyo ulisimama tu, Jumanne moja, akiwa kazini. Tangu hapo, kila Januari, Jumamosi iliyo karibu na siku yake ya kuzaliwa, mimi na baba yake, mzee Hilbrand, tulikuwa tukiendesha baiskeli za umeme kutoka kwake Bergen hadi kijiji cha Petten, tukipita juu ya tuta la kuzuia bahari. Yeye ya kwake. Mimi ya Wouter, iliyobaki kibandani kwa mzee.

Mwaka wa tatu nilikuja na neno zito kifuani.

"Mbona kimya, mkamwana?" aliniuliza, upepo ukitusukuma. "Hata kunitania hunitanii!"

"Nakuonea huruma, baba. Mzee mzima kupitwa na msichana, aibu."

"Msichana? Msichana gani? Mimi sijamwona hapa."

Petten tuliingia mkahawa wa ufukweni, tukaagiza supu ya njegere, ile nzito ya kusimamisha kijiko, na mkate mweusi. Nje bahari ilikuwa ya kijivu, na mchangani mbwa wawili tu na mwenyewe wao. Nilingoja afike nusu ya bakuli.

"Baba, naolewa. Mwezi wa tano. Anaitwa Teun."

Akaweka kijiko chini. Akapangusa masharubu.

"Ni mtu mwema?"

"Mwema sana."

"Basi hongera, mwanangu." Alisema kwa moyo, nilimwona. Lakini bakuli akalisukuma kando.

"Nataka uje. Ukae mbele kabisa, na watu wangu."

Aliitazama bahari mpaka supu ikaanza kuganda juu.

"Hapana, Jorien. Nakupenda, Mungu anajua. Ila nikikuona umesimama na mwingine, nitamchukia, na yeye hajanikosea kitu. Usiniombe."

"Na Januari ijayo?"

"Januari ijayo utakuwa na kwako."

Kurudi, upepo ulikuwa usoni. Baridi ilikuwa imeimaliza betri ya baiskeli ya mzee. Karibu na kijiji cha Camperduin ikazimika kabisa. Nikajisogeza ubavuni mwake, nikamwekea mkono mgongoni kama watoto wa kwetu wanavyosukumana, mota yangu ikatuvuta sote wawili. Chini ya lile koti nene nilihisi mgongo wake ukitikisika. Sikumtazama. Yeye hakugeuka.

Kwake niliirudisha baiskeli kibandani, nikaweka ufunguo wake mezani. Mzee akanivutia zipu ya koti hadi kidevuni, akanifungulia mlango.

Mwezi wa tano, asubuhi ya harusi, ilikuja kadi: "Heri kwenu nyote wawili. Hilbrand." Nililia bafuni nikiwa nimevaa gauni langu jeupe, Teun akigonga mlango.

"Jorien, umeghairi?"

"Sijaghairi," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Nikaendelea kulia.