Mayai Elfu Tatu

Pale kituo cha mifugo walimwita Mama Darubini, maana miaka ishirini kazi yake ilikuwa moja: kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha kondoo. Kazi ya watu hiyo, usicheke.

Safari hii walishindanishwa kondoo wekundu wa kienyeji na weupe wa sufu nzito, walioletwa kwa ndege kama mabalozi. Malisho yao mamoja, dawa hakuna. Weupe ndio mradi wa mkurugenzi, picha yao alishaitundika ofisini, na amri alishaisaini: watakaozidi kwa minyoo wachinjwe wote. Nao wekundu walitokana na majike sita walioachwa na marehemu baba yake Mama Darubini. Kila mmoja alimjua kwa sauti.

Chupa za kinyesi zikaja maabara, lebo zimebandikwa vizuri. Akachungulia, moyo ukampasuka. Weupe, mayai mia mbili kwa gramu. Wekundu, elfu tatu. Akarudia mara nne, majibu yaleyale.

Maisha yake yote hakuwahi kudanganya hata yai moja. Siku hiyo alishika kalamu, akawaandikia wekundu mia mbili na weupe elfu tatu. Kisha akaenda msalani kulia.

Wageni wakajaa ukumbini, suti kwa suti. Mama Darubini akasoma. Mkurugenzi, aliyekuja na tabasamu lake tayari, uso ukamshuka.

"Mama, umegeuza hizo namba," alisema.

Mama Darubini akakunja karatasi yake. Basi, kwisha habari yake. Lakini swali likamtoka lenyewe: "Umejuaje, mkuu? Chupa nimezifungua peke yangu."

"Nitakosaje kujua? Lebo si nilizibadilisha mwenye..." Akajiziba mdomo, lakini ukumbi mzima ulishasikia.

Mgeni mkubwa akavua miwani, akaomba tu wapelekwe zizini. Huko weupe walikuwa wamelala chini, taya zimevimba maji, kope kwa ndani hazina hata tone la damu, minyoo imeshawanyonya. Wekundu walikuwa wakigombania majani.

"Hii amri ya kuchinja," mgeni aliuliza, karatasi mkononi, "nani aliisaini?"

Mama Darubini hakusikia jibu. Alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, amemkumbatia jike mzee kuliko wote, anamwomba msamaha kwa kuamini lebo.